Ramayana na Mahabharata kwa macho ya tabaka na jinsia: maswali mnayoniuliza sana

Kuna wakati nilifanya kazi miaka mitatu kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kigujarati, Dar mjini. Saa nane mchana wateja wakikatika anavuta kigoda nyuma ya kaunta anaanza kutusimulia Ramayana, ule utenzi mrefu wa kale wa India ambamo Rama na jeshi la nyani wanakwenda Lanka kumkomboa mkewe Sita aliyetekwa na jini Ravana. Mimi na kijana wa mizigo tunakunja majora huku tunasikiliza. Alikuwa fundi wa kusimulia, vita vya Lanka anavipiga mpaka unawaona nyani wanarusha mawe. Ila kuna mahali akifika anaruka. Rama keshashinda, keshakuwa mfalme Ayodhya, Sita ana mimba, halafu... "Hapo hapana zuri," anasema, anafungua daftari la madeni. Siku moja mkwe wake aliyekuwa anakaa kwenye hela akasema bila kuinua macho, "Ba (yaani mama), mi naona hapo ndo stori inaanza."

Toka siku ile hizi hadithi nazisoma kwa kutafuta wapi msimuliaji anakimbia. Maana nimekuja kuona mwanamke anasimama mahali fulani, mtu wa tabaka la chini anasimama mahali pengine, na hapo wanaposimama ndo palepale wengine wanapapita mbio. Mimi si Mhindu na sina digrii ya dini, ni msomaji tu, ila maswali mnayotuma yanajirudia kwa hiyo nayajibu yote hapa.

Tabaka ni nini hasa? Na kasti je, ni kitu kingine?

Kilekile tu, wengine wanasema tabaka wengine kasti. Vitabu vya zamani vinataja varna nne: Wabrahmini ambao ni makuhani na wasomi, Kshatriya wafalme na wapiganaji, Vaishya wafanyabiashara na wakulima, halafu Shudra, watumishi na watu wa kazi za mikono. Wimbo mmoja wa Rig Veda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, unasema wote walitoka kwenye mwili wa mtu mmoja mkubwa sana, wa kwanza mdomoni, wa pili mikononi, wa tatu mapajani, wa nne nyayoni. Nje kabisa ya hao wanne kuna walioitwa wasioguswa, ambao leo wengi wanajiita Dalit, yaani waliovunjwa-vunjwa, na sensa ya India ya 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 200. Ila mtaani watu hawaishi kwa varna, wanaishi kwa jati, jamii za kuzaliwa ambazo ziko maelfu, unazaliwa humo na unatakiwa uoe humohumo. Katiba ya India ya 1950 ilifuta mambo ya kutoguswa kwa ibara ya 17. Majikoni na kwenye harusi ni habari nyingine.

Mbona unachanganya tabaka na jinsia, si ni mambo mawili?

Swali zuri na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Aliyenifungua ni B. R. Ambedkar, yule aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India, mwenyewe Dalit wa jamii ya Mahar. Mwaka 1916, kijana bado anasoma New York, alisoma karatasi akisema roho ya tabaka ni kuoana ndani kwa ndani. Sasa fikiria mwenyewe, kama watu lazima waoane ndani tu, basi kila mwanamke aliyebaki bila mume ni hatari kwa ukuta, anaweza akatoka akaolewa nje. Ndo maana, anasema, zikaja desturi za mjane kuchomwa na mumewe, mjane kukatazwa kuolewa tena, na mtoto wa kike kuozwa mdogo kabla hajajua kuchagua. Yaani ukuta wa tabaka umejengwa juu ya mwili wa mwanamke. Ukishaliona hilo, hadithi za Sita na wenzake unaanza kuzisoma kwa jicho lingine kabisa.

Si kuna Ramayana moja tu?

Ziko nyingi mno. Ya mshairi Valmiki kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ndo inahesabiwa mama yao, halafu kuna ya Kamban kwa Kitamil, ya Tulsidas kwa Kiawadhi aliyoianza 1574, kuna za Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, ambako Ravana si jini wala nini, kuna za Kibengali, Kitelugu, za Thailand huko, na nyimbo za wanawake zisizo na mwandishi. Msomi A. K. Ramanujan aliandika insha kuhusu huu utitiri, na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kikaiondoa kwenye mtaala wa historia baada ya vurugu za watu waliosema inatukana dini. Kusema tu kwamba hadithi ziko nyingi.

Huyu Shambuka ni nani? Wahindi ninaowajua hawajawahi kumtaja

Kumbe unategemea wakutajie! Yuko kitabu cha mwisho cha Valmiki, Uttara Kanda, ambacho wasomi wengi wanasema kiliongezwa baadaye. Mbrahmini mmoja anafika mlangoni kwa Rama amebeba maiti ya mwanawe, analia kwamba mtoto kufa kabla ya baba maana yake mfalme ana kosa. Wanashauriana, anaambiwa: kuna Shudra mahali anafanya ibada ya kujitesa, kazi isiyo yake kwa zama hizi. Rama anapanda chombo kinachoruka, anatafuta magharibi, kaskazini, mashariki, mwishoni kusini anamkuta mtu kando ya ziwa ananing'inia kichwa chini miguu juu. Anamuuliza wewe ni wa tabaka gani. Jamaa anajibu ukweli, mimi ni Shudra, naitwa Shambuka, nataka kufika kwa miungu na mwili huuhuu. Hajamaliza hata kuongea upanga umeshatoka na kichwa kiko chini. Miungu inamwaga maua. Mtoto wa Mbrahmini anaamka.

Basi. Mistari michache hadithi inaendelea na mambo yake.

Sasa hiyo ndo mbio ninayosema. Kwa msomaji wa juu hiki ni kipande kidogo cha aibu ambacho bora tuseme kiliongezwa. Kwa msomaji wa chini hiki ndo kitabu chenyewe, sababu kosa la Shambuka ni kusali. Ambedkar alipoandika hoja yake ya 1936 ya kuvunja tabaka alimtaja Shambuka waziwazi: mfumo wa varna hausimami bila adhabu, na Rama alilazimika kuua ili usimame. Mwaka 1944 Kuvempu, mwandishi wa Kikannada ambaye naye alitoka jamii iliyohesabiwa Shudra, akaiandika upya kama mchezo wa kuigiza ambapo silaha ya Rama inageuka inamfukuza yule Mbrahmini mlalamikaji mpaka anatubu, na Shambuka anabaki hai.

Lakini kinachonimaliza mimi ni cha zamani zaidi. Karne ya 8 mshairi Bhavabhuti, Mbrahmini kabisa, alitunga tamthilia ambamo Rama akifika mbele ya Shambuka mkono unamsita. Anauambia mkono wake wa kulia, wewe si ni kiungo cha Rama, yule aliyeweza kumfukuza Sita na mimba yake nzito, huruma umeitoa wapi leo? Ona hapo. Mwanamke na Shudra wamewekwa kwenye sentensi moja, upanga mmoja, miaka zaidi ya elfu kabla yetu, halafu kuna watu wananiambia eti kuunganisha tabaka na jinsia ni fasheni ya juzi.

Sita alikosea nini?

Hakuna. Alitekwa na Ravana, akakaa Lanka akimgomea, akaokolewa, halafu mume akamwambia mbele ya jeshi zima sikukupigania wewe nilipigania jina langu, nenda popote unapotaka. Akaingia motoni mwenyewe, mungu wa moto akamrudisha mzima. Wakarudi kwao, watu wakaanza maneno maneno, akafukuzwa na mimba akatelekezwa msituni. Akajifungua mapacha, Lava na Kusha, kwenye makazi ya Valmiki. Miaka imepita anaitwa athibitishe tena, safari hii akaiomba ardhi impokee ikafunguka akaingia. Tulsidas yeye hicho kipande cha kufukuzwa hakukiweka kabisa, na hata aliyetekwa anasema alikuwa kivuli cha Sita tu, Sita halisi alifichwa motoni. Yule mama wa dukani alikuwa anaruka kama Tulsidas, ila yeye kwa daftari la madeni.

Nilisikia Sita alifukuzwa sababu ya dobi

Hili nalipenda sana. Kwa Valmiki hakuna dobi! Ni wananchi wa mjini kwa ujumla wanasengenya, mtu wa ikulu anamletea Rama habari. Dobi anaingia kwenye masimulizi ya baadaye: anamtimua mkewe aliyelala nje, anasema mimi si Rama wa kumrudisha mke aliyekaa kwa mwanamume mwingine. Na hayo ndo masimulizi yaliyoshika mitaani.

Sasa jiulize kwa nini dobi na si mfanyabiashara au kuhani. Dobi kwa India ni jamii ya chini, anafua nguo za uzazi na za hedhi, najisi za watu wote zinapita mikononi mwake. Lawama iliyokuwa ya mji mzima ikashushwa mpaka kwa mtu mmoja asiye na wa kumtetea, na Rama akabaki mfalme msikivu anayejali hata neno la mnyonge. Wanawake wanaposoma wanamwona dobi kama mume mkatili. Watu wa jamii ya dobi wenyewe wakisoma wanauliza, yaani hata dhambi za ikulu tuwafulie? Sisi neno lenyewe dobi tumelichukua hukohuko India, likafika huku likiwa na pasi na wanga tu, hiyo hadithi haikupanda jahazi.

Wanawake wakisimulia wenyewe inakuwaje?

Inaanza mahali pengine. Chandrabati, mshairi wa kike wa Bengali karne ya 16, alianza Ramayana yake na kuzaliwa kwa Sita, vita akavipita juujuu (kumbe na wanawake wana mahali pao pa kukimbia!), akalia na Sita mpaka mwisho na kumlaumu Rama bila kumung'unya. Wasomi wanaume kwa muda mrefu walisema kazi yake haijakamilika. Haijakamilika sababu vita ni vifupi? Haya.

Kwa upande wa Andhra, kusini mwa India, msomi Velcheru Narayana Rao alichunguza nyimbo ambazo wanawake wa Kibrahmini wanaimbiana ndani wanaume wakiwa hawapo. Humo mashujaa ni mimba, uzazi, mawifi na wivu wa nyumbani. Kuna moja ambapo Shurpanakha, dada yake Ravana, anakuja kwa hila anamwomba Sita amchoree Ravana. Sita anasema mimi sijawahi kumtazama, nilichoona ni kidole gumba cha mguu wake tu. Anachora kidole hicho, mwingine anamalizia, na picha inapata uhai. Chandrabati naye ana kisa cha picha, kwake ni kwenye upepeo. Angalia hilo la kidole, maana mwanamke yeyote aliyelelewa kuangalia chini akiwa mbele ya wanaume anaelewa palepale, haihitaji maelezo.

Halafu kuna Molla, mwanamke wa jamii ya wafinyanzi, aliyetunga Ramayana kwa Kitelugu cha kueleweka. Mfinyanzi, mwanamke, na ametunga kitabu cha wafalme. Nikisema jina lake kwa Wahindi wa huku wengi hawalijui.

Ahalya ni yule aliyegeuzwa jiwe?

Ndiyo, mke wa mtakatifu Gautama, Indra mfalme wa miungu alimjia kwa sura ya mumewe. Kwa Valmiki hakugeuka jiwe, alilaaniwa akae bila kuonekana, ale upepo, alale majivuni, na Valmiki anasema wazi kwamba alimtambua Indra akakubali kwa udadisi. Rama alipofika, yeye na mdogo wake Lakshmana wakamshika Ahalya miguu kwa heshima. Baadaye hadithi ikabadilika: Ahalya akawa jiwe, na ni mguu wa Rama, au vumbi lake, uliomgusa akafufuka. Mguu umehama! Mwanzoni mwanamume anainama, mwishoni mwanamke anakanyagwa na inaitwa neema. Sijui ni nani aliyebadilisha lakini huo mguu mimi siusahau.

Ekalavya alikatwa kidole kwa nini?

Hapa tunahamia Mahabharata, utenzi wa pili, wa ndugu watano Pandava na binamu zao wanaogombea ufalme. Alijikata mwenyewe, ndo uchungu wake. Ni kijana wa Nishada, watu wa msituni, mtoto wa chifu wao. Alikwenda kwa Drona, mwalimu wa wana wa wafalme, kujifunza upinde akakataliwa kwa ukabila wake. Akatengeneza sanamu ya Drona kwa udongo akajifundisha mbele yake. Siku mbwa wa kina Arjuna, mmoja wa Pandava na mwanafunzi kipenzi wa Drona, akabweka, Ekalavya akampiga mishale saba mdomoni ukaziba. Arjuna akalalamika kwa mwalimu, si uliniahidi hakuna atakayenizidi? Drona akaenda akadai ada ya ualimu, kidole gumba cha mkono wa kulia. Akatoa.

Shuleni hii inafundishwa kama hadithi ya utii. Dalit na Adivasi, yaani wenyeji wa misituni, wanaisoma kama hadithi ya mlango wa chuo. Na India yenyewe haijaamua: tuzo ya taifa ya makocha bora tangu 1985 inaitwa tuzo ya Dronacharya, mji wa Gurgaon 2016 ukabadilishwa jina kuwa Gurugram kwa heshima ya huyohuyo, wakati shule za bweni za serikali kwa watoto wa Adivasi zinaitwa Ekalavya. Kocha wa taifa anapewa tuzo yenye jina la mwalimu aliyemdai mwanafunzi kidole, na watoto wanapelekwa shule yenye jina la aliyekatwa. Hapo sina la kuongeza.

Draupadi si ndo shujaa wa wanawake?

Ni shujaa kweli, mke wa Pandava wote watano. Mumewe mmoja, Yudhishthira, amemweka rehani kwenye kamari akapoteza, wanamvuta kwa nywele mpaka barazani, yuko mwezini, ana vazi moja, na bado anauliza swali la kisheria lililowakwamisha wazee wote: Yudhishthira alijipoteza yeye kwanza au mimi kwanza? Kama alishakuwa mtumwa, ana haki gani ya kunicheza? Bhishma mwenyewe, mzee wa ukoo, akababaika.

Ila msome upande wa Karna. Karna, mpiganaji hodari wa upande wa maadui wa Pandava, amelelewa na suta, waendesha magari ya farasi, na kwenye matoleo mengi Draupadi siku ya kuchagua mume anamkataa kwa sauti, siolewi na mtoto wa suta. Halafu toleo la kitaaluma la Pune lililokamilika 1966 lililinganisha miswada, na mstari huo ukaachwa nje ya matini kuu, inaonekana uliingizwa baadaye. Kwa hiyo kuna mtu, karne fulani, alihitaji Draupadi aseme maneno ya kitabaka. Labda ili alichofanyiwa barazani kionekane ni malipo. Wanaume wa tabaka la chini wanaompenda Karna wanaushikilia mstari huo, wanawake wanaompenda Draupadi wanafurahi umetoka, na nimeshuhudia watu wakinuniana kwa hilo.

Kwa hiyo wanawake wote hawasomi sawa?

Hapana, na mfano wa kuumiza zaidi ni nyumba ya lakiri. Mnaikumbuka: maadui wa Pandava waliwajengea nyumba ya lakiri, iwake haraka, wachomwe humo wakiwa wamelala na mama yao Kunti. Wao wakagundua wakachimba njia chini. Sasa usiku wa kutoroka Kunti alifanya karamu, akaja mwanamke mmoja wa Kinishada na wanawe watano, wakala wakanywa wakalewa wakalala palepale. Pandava wakawasha moto wakaondoka. Asubuhi watu wakakuta maiti ya mwanamke na vijana watano, wakajua ndo wao.

Mara ngapi umesikia hadithi hii na hukuhesabu wale sita? Mimi niliisikia labda mara kumi. Kunti anapendwa na wanawake wengi, mjane aliyelea watoto watano kwa taabu, na ni haki yake. Lakini aliokoka kwa mwanamke mwingine mwenye watoto watano vilevile, na yule hakupewa hata jina. Mwandishi wa Kibengali Mahasweta Devi akaandika hadithi fupi ambapo Kunti mzee, yuko msituni anangoja kufa, anakutana na mwanamke wa Kinishada wa ukoo ule, na kwa mara ya kwanza anaulizwa. Kunti alikuwa anakumbuka dhambi zake zote, anamkumbuka Karna, mwanawe wa kwanza aliyemtupa mtoni. Hao sita hawakuwemo kwenye orodha.

Mwanamke wa juu akiisoma Mahabharata anamkuta Draupadi anajitetea. Mwanamke wa Kidalit au Adivasi anamkuta nani? Huyo aliyelala. Au Hidimba, jini wa kike wa msituni aliyeolewa na Bhima, mmoja wa Pandava, akaachwa msituni na mtoto, mtoto mwenyewe Ghatotkacha akaja kuitwa vitani ili apigwe na mkuki uliokuwa umewekwa kwa ajili ya Arjuna. Au Shurpanakha, aliyekatwa pua na masikio kwa kumtamani mwanamume na kuleta fujo alipochekwa.

Kweli kuna watu wanaomlilia jini aliyeuawa na Durga?

Wapo. Jharkhand, jimbo la India, kuna jamii inaitwa Asur, na baadhi yao wakati wa sikukuu ya mungu wa kike Durga wanakaa ndani wanaomboleza, maana jini huyo, Mahishasura, ni babu yao. Wasantal, Adivasi wengine, wana kumbukumbu ya Hudur Durga, mfalme wao aliyeuawa kwa hila, na wanaume wao wanacheza ngoma ya kumtafuta wakiwa wamejifunga nguo za kike. Wanawake wengi wa mjini Durga ndo nguvu yao, mwanamke mwenye mikono kumi anayemkanyaga dume. Kwa hawa wa msituni mwanamke huyo alitumwa na wakubwa kuwaulia mfalme. Wote wawili wanasema wanatetea wanyonge. Mi siwezi kuamua na sioni kwa nini niamue.

Wa namna hiyo ni Bali pia, mfalme aliyekanyagwa kichwani na mungu Vishnu aliyejigeuza Mbrahmini mfupi. Jotirao Phule, mwana wa jamii ya watunza bustani huko Pune, aliandika 1873 kwamba Bali alikuwa mfalme mwema wa wakulima na yule mfupi ni mvamizi. Hakuitunga hewani, wakulima wa Maharashtra tayari walikuwa na dua yao kwamba taabu ziondoke ufalme wa Bali urudi, na Kerala nzima kila sikukuu ya Onam inamkaribisha Bali nyumbani kwa maua na mlo kwenye jani la mgomba. Phule huyohuyo na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848.

Si kuna ile ya Shabari na kunazi, inayoonyesha Rama hana ubaguzi?

Ipo na ni tamu: bibi wa msituni anaonja kila kunazi asije akampa Rama chungu, Rama anakula makombo yake bila kinyaa. Kwa mtu anayeamini mate ya mtu wa chini ni najisi, hilo ni bomu. Kwa Valmiki lakini huo uonjaji haupo, ni wapenzi wa Rama wa baadaye walioongeza, kwa hiyo usidhani viongezo vyote vinabana, vingine vinafungua. Dalit wengine wanaishika hii kwa mikono miwili. Wengine wanasema sawa, alikula kunazi, na kichwa cha Shambuka je?

Na Renuka aliyebadilishiwa kichwa?

Renuka ni mke wa mtakatifu. Mwanawe, Parashurama, anaamriwa na baba amkate mama kichwa kwa kumtamani mwanamume kwa sekunde moja tu. Kusini mwa India wanasema mama alimkumbatia mwanamke wa kutoguswa, shoka likapita wote wawili. Alipopewa ruhusa ya kuwafufua, kwa haraka akavipachika vichwa kinyume. Mwenye kichwa cha Kibrahmini akawa mungu Mariamma anayechinjiwa mbuzi na jogoo, mwingine akawa Ellamma anayechinjiwa nyati. Ukitaka tabaka na jinsia kwenye mwili mmoja, ndo huo. Na si hadithi tu: hekalu la Yellamma (ndo Ellamma huyohuyo) la Saundatti, Karnataka, lilikuwa likiwekewa wasichana wakfu, wengi wao Dalit, mpaka sheria ya 1982 ikakataza, na kukatazwa si kuisha.

Nasikia wafagiaji waligoma kisa tivii?

Kweli, 1988. Ramayan ya tivii ilikuwa ikitoka Jumapili asubuhi na mitaa inabaki tupu. Ikakaribia kuisha pale Rama anapotawazwa, yaani bila ule mwisho wa Sita na mapacha kwa Valmiki. Wafagiaji wa Jalandhar, Punjab, wakaweka mifagio chini. Jamii yao wanajiita Valmiki, wanamhesabu mshairi kuwa wao, na sehemu iliyokatwa ndo sehemu ambayo Valmiki mwenyewe anaonekana, anamhifadhi Sita. Mgomo ukasambaa, taka zikarundikana, serikali ikagharamia vipindi vya ziada. Mtu anaweza akakaa chini ya jamii na bado akajua hasa ukurasa gani umeibwa.

Hayo si maneno ya Wazungu na makomredi?

Nimeshakutajia Bhavabhuti wa karne ya 8, Chandrabati na Molla. Waingereza wana lao, ni kweli, waliitafsiri Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, 1794 na kuitumia kwenye mambo ya sheria kana kwamba kila Mhindu aliishi kwayo. Ila Ambedkar alipokichoma kitabu hicho hadharani mjini Mahad tarehe 25 Desemba 1927 hakuwa anatafuta sifa London, alikuwa na watu waliozuiwa kunywa maji ya bwawa la mji. Kuna wanawake leo wanaiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya ukombozi wa mwanamke. Mwaka 1956 Nagpur alipoingia Ubudha na umati mkubwa, kati ya viapo 22 kimo cha kutowaamini Rama na Krishna. Hakutaka tafsiri mpya, alihama nyumba. Wengine wamebaki na wanapigania vyumba, nao ni Wahindu halali.

Wahindi wa huku kwetu nao wana hayo?

Lohana, ambao ni wengi Dar, Mombasa na walikuwa wengi Kampala kabla ya 1972, wanajihesabu uzao wa Lava mwana wa Sita, ndo maana wanajiita Raghuvanshi. Yaani ukoo mzima unatoka kwenye ule ukurasa unaorukwa. Nilipoligundua hilo nilirudi dukani kumsalimia mama, nikamwambia, mama, kama Sita asingefukuzwa, Lava angezaliwa ikulu na Valmiki asingemlea, sasa mbona unaruka?

Akasema nini?

Mnauliza sana hili. Alinitazama muda, akamgeukia mkwe, akamwambia kwa Kigujarati kitu ambacho sikukielewa, mkwe akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Halafu mama akanisogezea kigoda kile chake. "Kaa," akasema, "leo simulia weye, miye nasikia."